Minyoo bapa: maswali ninayoulizwa mara kwa mara, darasani na barazani

Nasomesha biolojia kwenye skuli moja ya Pemba. Maswali haya yamejikusanya kidogo kidogo: mengi ya wanafunzi, mengine ya wazazi, na machache ya wazee wa barazani, ambao wakishajua kuwa kazi yako ni "mambo ya wadudu" basi kahawa yako itapoa kabla hujaimaliza. Sikuyapanga kwa mfuatano wa kitabu. Anayetafuta kichocho peke yake ateremke hadi katikati. Anayetaka kuelewa kwa nini kichocho kikawa vile kilivyo, aanze hapa juu.

Mnyoo bapa ni mnyama gani?

Ni mnyama mwenye mwili laini, asiye na mfupa wala gamba, aliyebanwa toka mgongoni hadi tumboni akawa kama utepe au jani. Jina lake la kisayansi, Platyhelminthes, limetokana na Kigiriki na maana yake ni hiyo hiyo: minyoo bapa. Aina zilizokwisha kupewa majina zinapita 20,000. Zaidi ya nusu yao ni vimelea, yaani wanaishi juu ya mnyama mwengine au ndani yake. Waliobaki wanajitegemea baharini, mitoni, na wachache kwenye udongo wenye unyevu.

Ukipasua samaki jikoni utaona tumbo lake lina nafasi, na matumbo yamelala humo yanateleza mkononi. Mnyoo bapa hana nafasi hiyo. Baina ya utumbo na ngozi pamejaa nyama laini bila pengo. Upande wake wa kushoto unalingana na wa kulia, ana mbele na ana nyuma, na huko mbele ndiko fahamu zake zilikokusanyika. Zaidi ya hapo, mshangao uko kwenye vile alivyokosa: hana moyo, hana damu, hana mapafu wala mashavu ya kupumulia, na kwa kawaida hana tundu la kutolea choo.

Kwani minyoo si ni hao hao?

Hapana, na kosa hili linawagharimu watu. Neno letu "minyoo" ni kapu moja lililotiwa wanyama ambao hawana udugu wa karibu. Chango anayetoka tumboni mwa mtoto ni mnyoo mviringo: mgumu kidogo, duara kama tambi, amechongoka ncha zote mbili. Wa safura na wa matende nao ni wa ukoo huo. Nyungunyungu wa shambani na ruba ni minyoo ya pingili, wana damu na mishipa yake. Tegu, wa kichocho na wa ini la ng'ombe ndio minyoo bapa.

Kinachogharimu ni dawa. Mzazi hununua albendazoli dukani, akampa mtoto, akasema "nimeshamnywesha dawa ya minyoo", basi akaona kichocho nacho kimekwenda. Hakikwenda. Albendazoli ni dawa ya chango na safura. Kichocho dawa yake ni prazikuanteli. Ndiyo maana siku ya dawa skuli watoto hupewa vidonge vya namna mbili, na wazazi hulalamika kuwa ni vingi.

Kwa nini awe bapa? Kuna faida gani?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu ukilielewa hili mengine yanajijibu.

Mnyama yeyote anahitaji hewa ya oksijeni ifike kwenye kila seli. Sisi tuna mapafu ya kuivuta na damu ya kuisambaza. Mnyoo bapa hana kimoja wala kingine. Oksijeni inapita kwenye ngozi yake yenyewe, inapenya taratibu kutoka seli moja hadi nyengine, na namna hii ya kupenya haifiki mbali. Ikienda zaidi ya milimita moja hivi imeshachoka. Kwa hiyo hakuna seli inayoruhusiwa kuwa mbali na ngozi.

Fikiria chapati na andazi. Chapati, hata ukiitanua ikajaa chuma kizima, moto unaifikia kote. Andazi ukilifanya nene kupita kiasi, nje linaungua na katikati bado unga mbichi. Mnyoo bapa amechagua kuwa chapati. Anaweza kurefuka apendavyo, na yuko tegu anayepita mita kumi, lakini hawezi kunenepa. Siku atakaponenepa atakosa pumzi katikati.

Ubapa huo unamgharimu jambo moja: ngozi nyembamba inayopitisha hewa inapitisha na maji. Juani anakauka upesi. Ndiyo maana humkuti mchangani mchana. Yumo majini, au chini ya jiwe lenye unyevu, au ndani ya mwili wa mtu, ambamo maji hayakauki.

Anakula kwa wapi, na choo anatolea wapi?

Wengi wao wana tundu moja tu, na kazi zote mbili zinafanyika hapo. Chakula kinaingia, mabaki yanatoka njia ile ile. Wanafunzi hucheka sana hapa, na mimi huwaacha wacheke.

Planaria, mnyoo bapa mdogo wa maji baridi (yaani yasiyo ya chumvi), mdomo wake hauko kichwani. Uko katikati ya tumbo. Akikuta kipande cha nyama anakipanda, kisha anatoa mrija mweupe kutoka tumboni mwake na kukifyonza. Utumbo wake una matawi yanayofika kila pembe ya mwili, kwa sababu hakuna damu ya kupeleka chakula huko; utumbo wenyewe ndio unaokipeleka.

Tegu amevuka mpaka: hana mdomo wala utumbo kabisa. Anakaa ndani ya matumbo ya mtu, chakula kimeshasagwa na mwenye nyumba, yeye anakinyonya kwa ngozi ya mwili mzima.

Maji yaliyozidi mwilini yanatolewa na seli ndogo zenye kishada cha vinywele vinavyotikisika. Chini ya hadubini vinacheza kama ulimi wa moto wa kibatari, na jina la seli hizo limetokana na mwali huo.

Ana akili? Ana macho?

Ana ubongo mdogo mbele, na kamba mbili za fahamu zinazokwenda nyuma, zimeunganishwa na vipande vya kukingamana kama ngazi ya kupandia mkarafuu. Planaria ana vidoa viwili vya macho vinavyomfanya aonekane kama ana makengeza. Macho hayo hayaoni sura. Yanajua mwanga unatoka wapi, naye anaukimbia.

Ni kweli ukimkata anakuwa wawili?

Planaria, ndiyo. Ukimkata kati, kipande cha mbele kinaota mkia na cha nyuma kinaota kichwa, na ubongo ndani yake, katika muda wa wiki moja au mbili. Mwaka 1898 Mmarekani Thomas Hunt Morgan, ambaye baadaye alipata sifa zaidi kwa kazi yake ya urithi wa vinasaba kwenye nzi, aliwakatakata na kukadiria kuwa kipande kidogo kama sehemu moja ya 279 ya mwili kinaweza kurudi kuwa mnyoo kamili. Siri iko kwenye seli shina zilizotapakaa mwili mzima, ambazo zinaweza kugeuka kuwa seli ya aina yoyote inayohitajika. Planaria wengine hawangoji kisu: wanajikaza mkia juu ya jiwe, wanavuta, wanajichana wenyewe.

Lakini msichukue habari hii mkaipeleka kwa minyoo yote. Mnyoo wa kichocho akikatwa amekufa. Tegu yuko baina: pingili zikikatika haziwi tegu wengine, ila kichwa kikibaki kimeng'ang'ania utumbo, pingili mpya zitaota. Kwa hiyo mtu aliyetoa utepe mrefu chooni akadhani amepona, huenda baada ya miezi michache akauona tena.

Yupi dume, yupi jike?

Karibu wote ni huntha: kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike. Hata hivyo wengi hutafuta mwenza. Baadhi ya aina za baharini wana kisa cha ajabu. Wakikutana wawili wanainua vifua na kupigana kama watu wa mapanga, kila mmoja akijaribu kumdunga mwenziwe mbegu kwenye ngozi naye asidungwe. Aliyedungwa ndiye atakayebeba gharama ya mayai. Aliyedunga anakwenda zake.

Wa kichocho wamejitenga na desturi hiyo: wao wana dume na jike. Dume ni mfupi na mpana, na ule mwili wake bapa ameukunja pande mbili ukawa mfereji. Jike, mrefu na mwembamba, anakaa ndani ya mfereji huo kama mtoto ndani ya mbeleko, na wanaishi hivyo miaka. Mkutano wao ndio unaomfanya jike akomae. Asiyepata dume hubaki mdogo na hatagi inavyotakiwa.

Niliona utepe wa rangi unaogelea mwambani. Ni nini?

Uliona mnyoo bapa wa baharini, jamaa wa polikladi. Kwenye miamba ya matumbawe ya Misali au Chumbe wapo wa kila namna: weusi wenye pindo la rangi ya chungwa, wa zambarau, wenye milia ya njano. Wanaogelea kwa kupeperusha kingo za mwili kama pindo la buibui kwenye upepo wa kusi. Bamvua likikauka sana huonekana chini ya mawe kwenye madimbwi.

Watu huwachanganya na koa wa bahari, ambao ni ndugu wa konokono. Angalia mgongoni: koa wengi wana kishada cha kupumulia na mwili una unene. Polikladi hana kishada, na wembamba wake ni wa kuangaza. Ukimnyanyua vibaya anachanika. Ukigeuza jiwe umuangalie, lirudishe lilivyokuwa. Tabia ya kuacha mawe yamepinduka mwambani inaniudhi, maana kila kilichokuwa chini yake kinakauka kwa jua kabla maji hayajajaa.

Usimle na usimpe mtoto amchezee. Rangi zile ni onyo. Baadhi yao wana sumu mwilini, na imo hata ile sumu kali inayojulikana kwa samaki bunju.

Wanakula nini? Nyama. Wako wanaoingia kwenye makombe ya chaza wakawala humo humo ndani, na wafugaji wa chaza nchi nyingi wanawahesabu kuwa maadui. Kina mama wanaofuga chaza wa lulu pande za Fumba wakikuta kombe tupu ambalo halikuvunjwa, mnyoo huyu ni mmoja wa washukiwa.

Kichocho nacho ni mnyoo bapa?

Ndiyo. Jina lake ni Schistosoma haematobium, na ndiye anayeleta kichocho cha mkojo tulichokizoea Unguja na Pemba. Aligunduliwa na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, mjini Cairo mwaka 1851. Njia anayopitia hadi kumfikia mtu ilichukua miaka zaidi ya sitini kufahamika. Mwaka 1915, huko huko Misri, Mwingereza Robert Leiper alithibitisha kuwa lazima apite kwa konokono.

Njia yenyewe ni hii. Mtu mwenye kichocho anakojoa majini au ukingoni. Mayai yaliyomo kwenye mkojo yakigusa maji baridi yanapasuka na kila moja linatoa kijidudu kinachoogelea kwa vinywele. Kina muda usiozidi siku moja kumpata konokono anayefaa, la sivyo kimekufa. Kikimpata kinaingia ndani yake na kuzaana bila dume wala jike, na baada ya wiki kadhaa konokono mmoja anaanza kumwaga majini maelfu ya vijidudu vipya vyenye mkia uliogawika panda. Hivi ndivyo vinavyotafuta ngozi ya mtu. Vinaingia bila kidonda, vinaacha mkia nje, vinasafiri kwa damu kupitia mapafu hadi ini, vinakua, vinaoana, kisha vinahamia kwenye mishipa inayozunguka kibofu. Huko jike anataga mayai kati ya 20 na 200 kila siku.

Mnyoo mkubwa, sentimita moja hadi mbili hivi, hasababishi maumivu makubwa. Amejivika protini za damu ya mtu hata kinga ya mwili inamuona kama mwenyeji. Kinachoumiza ni mayai. Yana mwiba mmoja kwenye ncha, na yale yasiyofanikiwa kutoka na mkojo yanakwama kwenye ukuta wa kibofu. Mwili unayapiga vita, ukuta unavimba, unavuja damu, na miaka ikipita unakuwa mgumu. Kichocho kisichotibiwa kinaweza kuharibu figo, na kinaongeza hatari ya saratani ya kibofu.

Nilikipata mwenyewe nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi. Tulikuwa tukitoka skuli tunapitia bondeni kwenye mpunga, mtoni tunaruka na nguo za ndani, tukitoka tunashindana nani atakojoa mbali zaidi, tena kurudi mtoni. Matone ya mwisho yakawa mekundu. Hakuna aliyeshituka, kwa sababu wenzangu wanne walikuwa na yale yale. Tulidhani ni sehemu ya kukua.

Naweza kupata kichocho nikioga baharini?

Hapana. Konokono wanaokibeba hawaishi maji ya chumvi, na vijidudu vyenyewe haviyawezi. Ogelea utakavyo.

Haya pia yanaeleza kwa nini ndugu zetu wa Makunduchi na Jambiani hawakijui kichocho kama wa Chaani au Kinyasini. Kusini na mashariki ya Unguja ni ardhi ya mawe ya matumbawe; mvua ikinyesha inazama, mito na mabwawa hakuna. Mabonde ya mpunga na vijito viko kaskazini na kati ya Unguja, na karibu Pemba yote.

Ni konokono gani hasa? Hawa wakubwa wa bustanini?

Siyo hao. Wale wakubwa wa nchi kavu wanakula mboga zako lakini kwa kichocho hawana hatia. Wa kichocho anaitwa Bulinus globosus, mdogo, wengi hawafiki sentimita mbili, rangi ya hudhurungi, anaishi kwenye majani ya yungiyungi na magugu ya maji yanayokwenda polepole. Alama yake: simamisha gamba, ncha juu na mdomo ukuelekee. Mdomo ukiwa upande wako wa kushoto ni jamaa wa Bulinus. Konokono wengi wengine mdomo uko kulia. Lakini usimfuate majini kwa mkono mtupu ili tu umhakikishe.

Ana nduguye, Bulinus nasutus, ambaye kwa sura utamchanganya naye kabisa. Watafiti waliofanya kazi Unguja waligundua kuwa huyu wa pili hapokei kimelea chetu. Kijidudu kikiingia hakikui.

Kiangazi Bulinus anajizika kwenye tope na kungoja. Bwawa lililokauka ukadhani limesafika, mvua za masika zikija anaamka.

Kwa nini tunarudia vidonge kila mwaka kama dawa inafanya kazi?

Inafanya kazi. Ila prazikuanteli inaua minyoo waliokomaa. Wachanga, walioingia wiki chache zilizopita, wanaponyoka. Hawa wanakua baada ya dawa kupita, na mtu anaonekana kama hakupona. Pili, dawa haimkingi mtu. Ukinywa asubuhi ukaingia mtoni adhuhuri umeanza upya.

Vidonge vinahesabiwa kwa uzito, na pale mzani unapokosekana hutumika fimbo ya kupimia urefu, iliyotiwa alama. Kula kwanza. Mtoto akinywa na tumbo tupu atapata kizunguzungu au kutapika, halafu mtaa mzima utasema dawa ina sumu.

Zanzibar imepigana na mdudu huyu kwa muda mrefu kuliko nchi nyingi. Kampeni za prazikuanteli Pemba zilianza miaka ya 1980, na maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi imekuwa kitovu cha kazi hiyo tangu ilipofunguliwa mwaka 2000. Kuanzia 2012 lilifanyika jaribio kubwa la miaka mitano visiwa vyote viwili: dawa mara mbili kwa mwaka, shehia nyengine zikaongezewa dawa ya kuua konokono, nyengine mafunzo ya kubadili tabia. Maambukizi yakashuka sana. Hayakufika sifuri. Yamebaki madoa madoa kwenye shehia kadhaa, na doa moja linatosha, kwa hesabu ile ya konokono mmoja na maelfu yake.

Kwa nini hospitali wanataka mkojo wa mchana?

Kwa sababu mayai yanatoka kwa wingi baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mkojo wa alfajiri unaweza kuonekana safi na mtu ni mgonjwa. Ajabu ni kuwa konokono naye anamwaga vijidudu vyake majini zaidi kwenye saa hizo hizo za jua kali, wakati watoto wanaoga na kina mama wanafua. Kimelea kimeijua ratiba yetu.

Maji ya mtoni nikiyachota nikayaweka, ni salama kufulia?

Yakikaa siku mbili kamili bila konokono ndani, vijidudu vya kichocho vimeshakufa, kwa kuwa uhai wao bila ngozi ya mtu hauzidi saa 48. Ukiyachemsha vinakufa papo hapo. Kumbuka tu kwamba aliyekwenda kuyachota ameshatia miguu. Na kukojoa ndani ya maji yaliyotuama ni jambo ambalo Mtume (S.A.W.) alilikataza karne nyingi kabla ya hadubini, kwa hiyo hapa mwalimu wa biolojia na mwalimu wa chuo cha Kurani hawana ugomvi.

Kichocho kinawadhuru wanawake kwa namna nyengine?

Ndiyo, na huzungumzwa kidogo. Mayai yanaweza kukwama kwenye njia ya uzazi, yakaleta maumivu, kutokwa na damu, hata ugumba. Dalili zinafanana na maradhi ya zinaa, na wako wanawake waliotazamwa kwa jicho baya, hata na wahudumu, kwa maradhi waliyoyapata wakiwa watoto mtoni. Dada au mama mwenye dalili hizo aliyekulia mabondeni, amwambie daktari kuwa aliwahi kuoga mtoni. Maneno hayo machache yanabadilisha vipimo.

Tegu anatoka wapi? Ni kwenye sukari na vitu vitamu?

Sukari haina kosa. Tegu wa ng'ombe anatoka kwenye nyama ya ng'ombe isiyoiva. Ndani ya msuli wa ng'ombe aliyeambukizwa kuna vifuko vidogo vyeupe kama shanga, na kila kimoja kina kichwa cha tegu kinachongoja. Mishkaki iliyoungua nje na damu ikachuruzika ndani ndiyo njia yake. Akishafika anajishika kwa vinyonyeo vinne, anaanza kutoa pingili shingoni, moja baada ya moja, mpaka zifike elfu moja au mbili. Za nyuma kabisa zimejaa mayai. Zinakatika, na nyengine hutoka zenyewe zikitambaa. Wagonjwa wengi hugundua hivyo, kwenye nguo.

Tegu wa nguruwe ni hatari zaidi, kwa sababu mayai yake mtu akiyameza yanaweza kwenda kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kwetu nguruwe ni nadra, lakini mayai hayo hutoka kwa binadamu mwenye tegu, si kwa nguruwe. Mikono isiyooshwa ya mpishi inatosha.

Kwenye ini la ng'ombe wa Idi tulikuta vitu kama majani. Tulitupe?

Hao ni minyoo ya ini, Fasciola gigantica, wanafika sentimita saba. Ini lenye wengi huwa na mirija migumu inayokwaruza kisu kama mchanga. Sehemu hiyo tupa, tena ifukie, mbwa wasiifikie. Ila ondoa hofu moja: kula ini lililopikwa hakukupi mnyoo huyo. Ng'ombe alimpata kwenye majani ya bondeni, ambako vijidudu vilivyotoka kwa konokono wa aina nyengine vilijigandisha. Mtu naye humpata kwa kula mbichi mboga zilizoota majini. Na huyu ndiye mnyoo bapa anayeishinda prazikuanteli. Dawa yake ni triklabendazoli.

Paka wetu anaacha punje kama za mchele pale anapolala. Anaumwa?

Ana tegu wa paka. Zile punje ni pingili; zikiwa mbichi utaziona zinajikunja. Paka humpata kwa kumeza kiroboto anapojilamba, kwa hiyo ukimtibu tegu ukamwacha na viroboto umefanya kazi bure. Mtoto mdogo anayemeza kiroboto kwa bahati mbaya naye anaweza kumpata.

Samaki wa bwawani wanajikuna kwenye mawe. Inahusika?

Inawezekana. Wako minyoo bapa wadogo, jamii ya monojenea, wanaojishikiza kwa kulabu kwenye ngozi na mashavu ya samaki, na perege waliosongamana bwawani ni karamu kwao. Baadhi yao huzaa badala ya kutaga: ndani ya mama mna mtoto, na ndani ya mtoto huyo mjukuu ameshaanza kukua, kama sufuria za shughuli zilizopangwa moja ndani ya nyengine. Ndiyo maana bwawa linaharibika ghafla. Punguza samaki, badilisha maji.

Naweza kumuona mnyoo bapa aliye hai bila hatari?

Unaweza. Tafuta kijito au chemchem yenye mawe na kivuli, uvae viatu vya mpira na glavu, kwa ile sababu ya konokono niliyokwisha kuieleza. Funga kipande cha ini bichi, kidogo kama ncha ya kidole, kwenye uzi, ukizamishe chini ya jiwe jioni. Asubuhi kivute polepole na ukitie kwenye sahani nyeupe yenye maji yale yale. Kama wapo, utaona vidoa vya kijivu vinaachia nyama na kuteleza juu ya sahani bila kupinda mwili wala kupiga mkia, kama tone la mafuta linalotembea lenyewe. Mulika tochi upande mmoja. Watageuka wote kuelekea gizani.